Ukiugua Peke Yako Kisiwani Ugiriki: Mwongozo Kamili kwa Msafiri

Kuugua ugenini ni kuzito popote, lakini kisiwani kuna la ziada: katikati yako na hospitali kuna bahari. Homa ikikupanda usiku ukiwa Athens, unaita teksi na hospitali haiko mbali. Ukiwa Folegandros au Anafi, hospitali iko ng'ambo ya maji, meli inayofuata huenda ni ya kesho jioni, na upepo wa kaskazini wa Julai na Agosti, meltemi kwa Wagiriki, unaweza kuizuia hata hiyo. Kwa hiyo kisiwani uamuzi hufanywa mapema. Dalili ambayo mjini ungeilalia kwanza uone asubuhi, huku unaishughulikia kabla jua halijazama.

Wengi wetu tumelelewa kujikaza. "Uchovu wa safari tu huu, nikilala utaisha." Nyumbani kujikaza hakuna madhara makubwa, kwa sababu kuna watu. Mtu ataona hujaamka, hujagusa chakula, atagonga mlango. Katika chumba cha kupanga kisiwani hakuna anayejua kama umelala kwa starehe au umezidiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na msafiri aliye peke yake huficha maradhi hata bila kukusudia, kwa kunyamaza tu.

Kabla hujakata tiketi: kijue kisiwa

Visiwa vya Ugiriki havilingani kwa huduma za afya, na tofauti zao ni kubwa kuliko picha za mapumziko zinavyoonyesha. Krete ina hospitali kubwa Heraklion, mojawapo ikiwa ya chuo kikuu, na nyingine Chania. Rhodes, Kos, Lesbos, Chios, Samos, Corfu, Kefalonia na Zakynthos vina hospitali zao. Kwenye kundi la Cyclades, hospitali ya jumla iko Syros, mjini Ermoupoli, na Santorini ilipata yake mwaka 2016. Ngazi ya chini ya hapo ni kituo cha afya, ambacho Kigiriki kinatamkwa Kendro Iyias. Mykonos, Paros na Ios vina vituo vya namna hii.

Visiwa vidogo zaidi vina zahanati tu, na mara nyingi daktari ni mmoja, kijana aliyemaliza masomo karibuni na anayetimiza muda wake wa utumishi wa vijijini. Ni daktari kamili, atakusikiliza vizuri. Ila hana mashine ya CT wala maabara ya maana, na kazi yake kubwa ukizidiwa ni kuamua haraka kama ubaki au uhamishwe.

Kama una selimundu, pumu inayokusumbua, ugonjwa wa moyo, kisukari cha sindano, au una mimba, ushauri wangu ni wazi: fikia kwenye kisiwa chenye hospitali, na visiwa vidogo vitembelee kwa siku moja ukirudi jioni. Mandhari ni yale yale. Usalama wako ndio unaobadilika.

Angalia pia majira. Kuanzia Novemba hadi Machi meli hupungua, hoteli nyingi hufungwa na kijiji kinaweza kubaki na watu wachache sana. Katikati ya Agosti ni kinyume chake: tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, ofisi zinafungwa, meli zimejaa, na kupata nafasi ya ghafla kwenda Piraeus, bandari ya Athens, ni shida.

Bima, dawa na karatasi moja

Anayekwenda kwa viza ya Schengen hawezi kukwepa bima ya safari. Sheria inadai isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen na inayolipia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunainunua ili ubalozi uridhike, kisha tunaisahau kwenye barua pepe. Isome. Tafuta mambo matatu: namba ya dharura ya saa 24, kama wanalipa hospitali moja kwa moja au unalipa wewe kwanza kisha unarudishiwa, na ni magonjwa gani wameyatoa. Maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari na ajali za pikipiki za kukodi, zikiwemo zile za magurudumu manne zinazopendwa sana visiwani, mara nyingi hayamo.

Kwa wenzetu wanaoishi Ujerumani, Sweden, Ubelgiji na kwingineko katika Umoja wa Ulaya, kadi ya bima ya afya ya Ulaya, EHIC, inakubalika Ugiriki katika hospitali na vituo vya serikali. Walio Uingereza wana GHIC. Kadi hizi hazilipi kliniki binafsi wala hazikurudishi nyumbani, kwa hiyo bima ya safari bado inahitajika.

Dawa zako za kila siku zibebe kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa na si majina ya kibiashara tu. Dawa kali za maumivu, za usingizi na zenye kodeini zisafiri na cheti, la sivyo utajieleza mbele ya maofisa. Ongeza kipimajoto, paracetamol, pakiti za ORS, dawa ya kutapika kwa meli, plasta na dawa ya kusafishia kidonda. Kipimajoto ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimwambia daktari kwa simu "nina 39.4 tangu saa 10 jioni", anakuelewa tofauti kabisa na ukisema "nasikia homa".

Halafu andika karatasi moja. Iwe karatasi kweli, maana simu huzima. Juu kabisa jina lako na umri kama vilivyo kwenye pasipoti, kisha magonjwa uliyonayo, dawa unazotumia, mzio, kundi la damu kama unalijua, namba ya bima, na namba ya ndugu mmoja anayepokea simu usiku. Ukifika kisiwani, ongeza jina la kijiji na la nyumba uliyofikia, ukimwomba mwenyeji akuandikie kwa herufi za Kigiriki. Chini yake weka namba hizi: 112 kwa dharura yoyote, 166 kwa gari la wagonjwa la EKAB, huduma ya taifa ya dharura za kiafya, 108 kwa walinzi wa pwani.

Siku ya kwanza, ukiwa mzima

Kabla ya kwenda ufukweni, tembea kijijini. Tafuta msalaba wa kijani, ndio alama ya duka la dawa. Uliza zahanati iko wapi, na angalia kama ni mwendo unaoweza kuutembea ukiwa dhaifu, kwa sababu vijiji vingi vya visiwa hivi vimejengwa mlimani na ngazi ni nyingi, na gari halifiki kila mlango. Nunua laini ya simu yenye bando, au hakikisha laini yako ya nyumbani inafanya kazi huko.

La muhimu zaidi siku hiyo ni kufahamiana na mtu mmoja. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, dhomatia, mwenyeji mara nyingi ni mama wa makamo anayekaa hapo hapo. Msalimie vizuri, mwite Kiria, yaani bibi kwa heshima, pamoja na jina lake, na mweleze kwamba umekuja peke yako. Mama huyu ana namba ya daktari kwenye simu yake, anajua dereva wa teksi ni nani, anajua mwenye duka la dawa anaishi mlango upi. Sijaona programu ya simu inayomzidi. Nyumbani nako, kubalianeni na ndugu au rafiki kuhusu muda wa kuulizana hali kila siku, mkisema pia atafanya nini usipojibu. Majira ya kiangazi saa ya Ugiriki ni sawa na ya Nairobi na Dar es Salaam. Majira ya baridi wako nyuma kwa saa moja tu.

Mwili ukianza kubadilika: mwambie mtu ndani ya saa ya kwanza

Usisubiri ujue ni ugonjwa gani. Teremka, au piga simu mapokezi, useme: sijisikii vizuri, nitakuwa chumbani, naomba unibishie hodi saa mbili usiku na tena asubuhi, nisipoitika ufungue. Mpe namba ya ndugu yako. Kama ni mwanamke na unaogopa mtu kuingia chumbani, mwombe mama mwenye nyumba mwenyewe, au mhudumu wa kike, ndiye aje. Hakuna atakayekuona msumbufu. Mwenyeji anapenda kuamshwa saa sita usiku kuliko kukukuta umeanguka asubuhi.

Kisha tuma ujumbe nyumbani wenye joto la mwili, dalili na saa zilipoanza. Ujumbe huo utakufaa baadaye pia, maana mgonjwa hupoteza hesabu ya saa. Weka simu kwenye chaji, maji karibu na kitanda, pasipoti na karatasi yako mahali panapoonekana. Mlango usiufunge kwa komeo la ndani ambalo ufunguo wa nje hauwezi kulifungua.

Kipi cha kusubiri, kipi si cha kusubiri

Kuharisha bila damu, kutapika kunakopungua, mafua, koo, kuungua na jua, kuchomwa na miba ya urchini wa baharini au kuguswa na yavuyavu, haya kwa kawaida yanatulizwa chumbani na kwa msaada wa duka la dawa. Yape saa 24, na ukiona yanaelekea kubaya usingoje ziishe.

Haya yanayofuata hayangoji hata saa moja, piga 166 au 112: maumivu au kubanwa kifua, kupumua kwa shida, uso kupinda au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, kuchanganyikiwa, kuzimia, degedege, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, shingo kukakamaa pamoja na homa na kichwa kikali, uvimbe wa midomo au koo baada ya kula au kuumwa na mdudu, na kwa mwenye mimba kutokwa damu yoyote.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalowaponza watu kisiwani kwa sababu halitishi mwanzoni. Maumivu ya tumbo yanayoanzia kitovuni na kushuka kulia yanaweza kuwa kidole tumbo. Mjini ungeweza kuyatazama hadi asubuhi, kisiwani nenda zahanati jioni hiyo hiyo, kwa sababu upasuaji uko ng'ambo. Kadhalika kutapika ambako hata maji hayakai kwa saa sita, kutokojoa tangu asubuhi, homa ya juu inayokataa kushuka, na mwenye selimundu anayeanza kuumwa mifupa.

Joto

Joto nalitaja peke yake kwa kuwa visiwa hivi vinaua watu nalo, na watu hao mara nyingi walikuwa wazima asubuhi. Daktari na mtangazaji wa Uingereza, Michael Mosley, alitoka kutembea peke yake kisiwani Symi mchana wa tarehe 5 Juni 2024, katika joto kali, simu akaiacha alikofikia. Mwili wake ulipatikana tarehe 9, karibu na baa ya ufukweni ya Agia Marina. Mwezi huo huo watalii wengine pia walifariki au kupotea visiwani wakitembea juani.

Sisi tuliozoea jua tunajidanganya hapa. Jua la Mombasa lina unyevunyevu na vivuli vya minazi na miembe; kilima cha Cyclades ni mawe makavu, upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, na njia inaweza kukosa mti hata mmoja. Usitembee milimani kati ya saa 5 asubuhi na saa 11 jioni wakati wa kiangazi. Serikali ikituma onyo la joto, simu zote zilizo eneo hilo hulia kwa mlio mkali kupitia mfumo wa 112, na ujumbe huja kwa Kigiriki na Kiingereza. Usiufute bila kuusoma.

Ukianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, misuli kukakamaa na jasho jingi, ingia kivulini, vua nguo nzito, jimwagie maji, kunywa kidogo kidogo. Kama dakika 30 zimepita hujapata nafuu, au mtu anaona unaongea bila mpango na mwili ni wa moto, hiyo ni dharura ya kupiga 166. Kumpoza mgonjwa kwa maji na upepo kunaanza hapo hapo, gari likiwa njiani.

Homa kwa aliyetoka Afrika Mashariki: taja malaria mwenyewe

Sehemu hii isome mara mbili. Ugiriki ilitangaza kutokomeza malaria mwaka 1974. Daktari kijana wa kisiwa anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria kwa macho yake. Ukimfikia na homa, baridi na kichwa, atafikiria mafua, Korona, jua au maambukizi ya mkojo, na kwa mgonjwa wa kwao atakuwa sahihi. Wewe uliyetoka Mwanza, Kisumu, Bukavu au Bujumbura wiki mbili zilizopita una hesabu nyingine. Malaria ya falciparum kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine zaidi. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu tangu utoke eneo lenye malaria ipimwe, hata kama ulikuwa unalala kwenye chandarua.

Basi sema kabla hujaulizwa: nimetoka Tanzania tarehe fulani, huko kuna malaria, naomba kipimo cha damu. Malaria kwa Kigiriki ni elonosia. Zahanati isipokuwa na kipimo, uliza hospitali iliyo karibu ni ipi na utafikaje leo. Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ikaendelea, kinarudiwa baada ya saa 12 hadi 24. Dawa mseto usitegemee kuikuta kwenye duka la dawa la kijijini. Ongea na daktari wako kabla ya safari kama ubebe dozi kamili yenye cheti. Ukiwa nayo, mwonyeshe daktari wa kule, usiimeze kimya kimya ukamharibia picha ya ugonjwa.

Mwenye selimundu kwa upande huu ana ahueni. Ugiriki ina wagonjwa wake wa selimundu na thalasemia, na madaktari wake wanayajua magonjwa haya vizuri. Itaje mapema hivyo hivyo, pamoja na upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu, kama umewahi kuambiwa unao, kwa kuwa unabadilisha dawa utakazopewa.

Duka la dawa

Kwa maradhi madogo anzia hapa. Mfamasia wa Ugiriki amesoma miaka mitano chuo kikuu, wengi wanaongea Kiingereza, na atakuambia kwa ukweli kama jambo lako linamhitaji daktari. Mweleze kama unavyomweleza daktari: umri, dalili, lini zilianza, dawa unazotumia, mzio. Paracetamol inayojulikana sana huko ni Depon. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku nzima, na ahesabu pia paracetamol iliyomo ndani ya dawa za mafua. Antibiotiki zinahitaji cheti, usibishane.

Nje ya visiwa vya watalii wengi, maduka hufunga saa 8 mchana na kufungua tena jioni. Siku nyingine hayafungui jioni kabisa, na Jumapili yamefungwa. Hapo usikate tamaa kwa kuona mlango umefungwa. Sogea kwenye kioo. Utakuta karatasi iliyobandikwa kwa ndani, yenye tarehe, majina, mitaa na namba za simu, mara nyingi kwa herufi za Kigiriki. Hiyo ni orodha ya zamu: duka gani liko wazi leo nje ya saa za kawaida. Ipige picha, mpelekee Kiria au mtu wa mgahawa wa jirani akusomee mstari wa leo. Kwenye kijiji chenye duka moja tu, namba ya mfamasia mwenyewe huwa iko mlangoni.

Kupiga simu na kumwona daktari

Simu ya 112 ni bure, na mbali na Kigiriki hupokelewa kwa Kiingereza na Kifaransa, jambo linalowafaa wasomaji wa Congo na Burundi. Taja kisiwa kwanza, halafu kijiji, halafu nyumba au alama ya karibu. Kusema "karibu na kanisa jeupe" hakusaidii, makanisa meupe yako kila kona. Taja jina la kanisa, ufuko au mgahawa. Kisha sema uko peke yako, una nini, na tangu saa ngapi. Usikate mpaka uambiwe. Ukiwa na mtu wa hapo, mpe yeye aongee kwa Kigiriki nawe ukae karibu.

Maneno machache yaweke kichwani, Mswahili hayamsumbui kutamka: yatros ni daktari, nosokomio hospitali, asthenoforo gari la wagonjwa, piretos homa, ponao edho naumwa hapa, voithia nisaidieni. Ukitaka daktari wa kike, sema yineka yatros, ingawa zahanati ya daktari mmoja haina la kuchagua.

Zahanati na vituo vya serikali ndivyo mahali pa kwanza pa kwenda. Kwenye visiwa vya watalii kuna pia kliniki binafsi na madaktari wanaoitwa na hoteli. Huduma yao inaweza kuwa nzuri na ya haraka, ila bili inaweza kukushtua. Kama hali inaruhusu, piga bima kwanza, uwape jina la kliniki, uombe barua ya dhamana ya malipo itumwe huko. Kabla hujatundikiwa dripu au kupigwa picha, uliza bei na uombe iandikwe. Hali ikiwa ya hatari, tibiwa kwanza. Bima wataarifiwe ndani ya saa 24.

Ukihitaji kuhamishwa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni uhamisho wa dharura: daktari wa kisiwa anawasiliana na EKAB, na EKAB ndio wanaoamua kama uende kwa helikopta, kwa ndege au kwa chombo cha walinzi wa pwani, na upelekwe Athens, Krete, Rhodes, Syros au kwingine. Wewe huchagui, na upepo mkali unaweza kuchelewesha hata helikopta. Kazi yako ni kuwa tayari: pasipoti, karatasi, simu, chaji, dawa, nguo moja na pesa kidogo kwenye mfuko mmoja. Mabegi mengine mwachie mwenyeji, piga picha ya chumba, mwambie utawasiliana.

Ya pili ni kuondoka mwenyewe kwa meli ya kawaida ukiwa bado unajiweza. Hii ifikirie mapema kuliko moyo unavyotaka. Kama daktari amesema unahitaji vipimo ambavyo kisiwa hakina lakini si dharura, ondoka na meli ya leo. Upepo ukifikia 8 kwa kipimo cha Beaufort, meli kwa kawaida zinazuiwa bandarini, na boti za kasi husimama mapema zaidi. Utabiri wa upepo wa siku tatu uwe unautazama kila asubuhi. Meli kubwa ya polepole kutoka Santorini hadi Piraeus ni kama saa 8. Chukua kitanda, waambie wahudumu wa meli kwamba unaumwa, na panga mtu au teksi ya kukupokea. Mwenye dalili za hatari nilizozitaja asipande meli hiyo, apige simu.

Kukaa chumbani mpaka upone

Maji kwanza. Visiwa vingi vidogo maji yake ya bomba si ya kunywa, nunua ya chupa. ORS ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukitapika, subiri dakika kumi kisha anza tena kwa kijiko. Tazama mkojo: ukiwa mweusi kama chai ya rangi, bado hujanywa vya kutosha.

Chakula kipo, ukijua cha kuomba. Mgonjwa wa tumbo Ugiriki hupikiwa lapas, mchele uliochemshwa mpaka ukavurugika na kukamuliwa limau, karibu sana na uji wetu wa mchele. Hauko kwenye menyu ya mgahawa, lakini mtamkie mama wa jikoni neno hilo, ushike tumbo, ataelewa papo hapo. Mwenye homa inamfaa supu ya kuku ya avgolemono, yenye yai na limau. Kuna mikate mikavu, mtindi, na chai ya majani ya mlimani. Kwa asiyekula nguruwe au anayetafuta halali, mchele, viazi, samaki na kunde za Kigiriki zinatosha kumrudishia nguvu.

Usiku ndio mgumu. Homa hupanda, upweke nao hupanda. Weka kengele ya kupima joto na kunywa maji saa sita usiku na saa tisa, andika namba kwenye karatasi, na acha simu iwe hewani na ndugu yako kama bando linaruhusu. Joto likipita 39.5 na dawa haijalishusha, au ukijikuta hukumbuki ulikunywa dawa lini, piga simu usiku huo huo.

Karatasi, viza na kurudi

Usitoke kliniki wala hospitali bila vitu viwili: apodhiksi, yaani risiti ya kila senti uliyolipa, na ghnomatefsi, ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa, matibabu na tarehe, iliyosainiwa na kupigwa muhuri. Omba iandikwe kwa Kiingereza kama inawezekana. Risiti za duka la dawa, teksi ya kwenda hospitali na usiku wa ziada hotelini zitunze vilevile.

Kama viza inakaribia kuisha nawe bado hujaweza kusafiri, usikae kimya ukidhani ugonjwa utajieleza wenyewe uwanja wa ndege. Sheria ya viza ya Schengen inaruhusu kuongezewa muda kwa sababu zisizozuilika au za kibinadamu, bila malipo, lakini unaomba kabla haijaisha. Anzia kituo cha polisi cha kisiwa ukiwa na pasipoti, bima na ripoti ya daktari, wakuelekeze ofisi ya wageni inayohusika. Kwenye mpaka, mfumo wa kielektroniki wa EES, unaosajili kuingia na kutoka kwa wageni, ulioanza Oktoba 2025 unahesabu siku wenyewe, kwa hiyo karatasi ndiyo itakayokutetea. Si kila nchi yetu ina ubalozi Athens. Jua mapema ubalozi upi unaihudumia Ugiriki na namba yake ya dharura.

Shirika la ndege linaweza kukuzuia ukionekana mgonjwa, hasa baada ya upasuaji au ugonjwa wa mapafu. Omba cheti cha kuruhusiwa kuruka siku unayotoka hospitalini, ubadilishe tiketi kupitia bima kama wanalipia, na usafiri wa kisiwa hadi Athens uuweke siku moja kamili kabla ya ndege, kwa sababu meli ikizuiwa na upepo ndege haitakungoja. Picha ya kila karatasi jitumie kwa barua pepe kabla hujapanda, na ripoti ile ile mpe daktari wako wa nyumbani wiki hiyo hiyo, ukimtajia dawa zote ulizopewa.